Saa Iliyopotea Kwenye Unga wa Chapati

Wapo watu wakiona mtoto mchanga hawawezi kujizuia, lazima wamguse shavu. Mie niko hivyo kwa saa za mkononi. Nafanya kazi mapokezi kwenye zahanati moja huku Temeke, na mgonjwa akininyooshea mkono kunipa kadi, nishaiona saa yake kabla sijaiona sura yake. Kuna mwanaume mmoja alirudi mara tatu na kikohozi kisichokuwepo, akidhani namtazama yeye. Ilibidi nimwambie, "Kaka yangu, samahani, ni hiyo saa tu." Alicheka, akaivua akanipa niishike. Hajaja tena na kikohozi.

Miaka yote nilivaaga za betri. Halafu siku moja niko Kariakoo, nimetumwa vitambaa vya mapazia, nikapita kwa machinga anayeuza saa kwenye kisanduku cha kioo. Zilikuwa zimelala juu ya sponji nyekundu, mshale wa sekunde wa kila moja unaruka, tik, tik, kama mtu mwenye kwikwi. Lakini moja mshale wake haukuruka. Ulikuwa unateleza.

"Hii ina nini?" nikamuuliza.

"Hiyo haina betri, sista. Inakula mkono wako."

Akaigeuza. Nyuma ilikuwa na kioo, na ndani yake kipande cha chuma kama nusu ya kisahani kilikuwa kinayumba kila alipotikisa. Akanieleza kwamba ukitembea, ukipunga mkono, ukifua, ukigombana na mtu, kile kisahani kinazunguka na kuijaza saa nguvu. Ukikaa kimya muda mrefu, nayo inakaa kimya. Nilisimama pale natikisa, naangalia, natikisa tena, mpaka akaniuliza kama naumwa. Mapazia yalinunuliwa wiki iliyofuata.

Ningekuwa mtu wa kutosheka, hadithi ingeishia hapo. Lakini haikupita muda, nikiwa Sinza nyumbani kwa rafiki yangu, nikamkuta bwana mmoja anauza saa za mtumba barazani hapo. Kati ya hizo kulikuwa na moja ya Kijapani, uso wa buluu iliyokolea, namba zake nene, na kidirisha kidogo kinachoonyesha tarehe. Otomatiki pia, yaani isiyo na betri. Nilirudi nyumbani Tandika nimeifungia kwenye leso, kila kituo naichungulia.

Hapo ndipo matatizo yakaanza, maana sasa nilikuwa na saa mbili zinazotaka kutembezwa na mkono mmoja wa kuvalia. Nikivaa hii, ile inasimama. Nilijaribu kuvaa zote mbili kazini, nesi akaniuliza, "Unauza?" Ni kweli saa ikisimama haiharibiki. Unaitikisa, unaipanga upya, maisha yanaendelea. Lakini mwenye mapenzi na saa haelewi maneno hayo. Kuikuta asubuhi imesimama ni kama kumkuta kuku wako amelala chali. Nikaingia kwenye simu kutafuta dawa, nikaona video ya Mzungu mwenye kikasha cha umeme kinachomzungushia saa zake siku nzima, moja moja kwenye mto wake wa velveti.

Mie sikuwa na kikasha. Nilikuwa na mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, ametoka Lindi zamani, na ndiye mwenye nyumba ninayoishi. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri hutoa meza yake mbele ya nyumba, akamimina unga, akaanza kukanda chapati za kuuza jioni. Na mama mkubwa hakandi kama watu wengine. Anakanda kwa mabega, kwa mgongo, anaupiga unga, anaukunja, anaugeuza, bangili zinalia. Nilikuwa nimeuona ukandaji huo tangu nahamia pale. Siku hiyo, ambayo sikwenda kazini, ndiyo niliuangalia vizuri, nikauona ule mkono wa kushoto unavyokwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

"Mama mkubwa, naomba nikuvalishe kitu."

"Nini?"

"Saa."

"Mie saa ya nini? Adhana si naisikia?"

"Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya saa."

Akaacha kukanda, akaniangalia kama ananipima homa. Nikamweleza yote, kisahani, nguvu, mkono unaotembea. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu, umenunua saa, unataka mie niifanyie kazi?"

"Eeh."

"Haya lete." Akanyoosha mkono. "Wamezaa kizazi cha ajabu hawa."

Nikamvalisha ile ya buluu, nikiwa nimeitoa cheni yake ya chuma na kuifunga mkanda wa mpira, kwa sababu unga ukiingia kwenye cheni utautoa na msumari. Nikamwonyesha kwamba kile kichwa cha pembeni cha kupangia mishale lazima kikae kimebanwa hadi ndani, maji yasipite. Kesho yake jioni nilipotoka kazini, mshale ulikuwa unateleza kwa raha zake na saa nzima imekuwa nyeupe kama imepakwa poda ya mtoto.

Nilidhani atachoka. Siku ya tatu akaniita mlangoni kabla sijavua viatu.

"Saa yako ina kasoro. Saa sita mchana, jua liko utosini, nimeangalia kidirisha, tarehe imehama imekwenda ya kesho."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipokuwa naipanga nilisahau kuangalia kama ni saa sita ya mchana au ya usiku, na saa yenyewe haioni jua, inahesabu tu mizunguko yake. Nikamwambia nitaisogeza, tarehe itabadilika usiku wa manane kama inavyotakiwa.

"Usiku wa manane?" akasema. "Nani kakwambia siku inabadilika usiku wa manane? Siku inaingia magharibi. Jua likizama, hiyo ni kesho. Hata saa ipange hivyo."

"Mama mkubwa, itaonyesha muda wa uongo."

"Basi ina kasoro, kama nilivyosema."

Tulibishana jambo hilo kwa furaha wiki nzima. Yeye kusoma saa hakumpi tabu hata kidogo. Mshale ukiwa kwenye moja anasema saa saba, kama sie wote. Ni kidirisha tu ndicho hakuelewana nacho. Lakini niliona mambo yanabadilika. Wateja wakawa wanamuuliza saa ngapi, naye akawa anajibu kwa kuinua mkono wote juu kwanza, taratibu, kama anayetoa shilingi mfukoni. Ijumaa asubuhi, kabla ya kazi, tukawa tunakaa barazani na maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki wa zamani, kila mtu anasugua yake. Yeye alikuwa na njiti ya kiberiti ya kuchokolea unga kwenye kona. Na alianza kuwasema watu. "Umeona yule aliyekuja jana na suti? Saa kubwa kama tairi la bajaji, na imesimama!"

Ikafika Jumamosi ile.

Nilikuwa ndani napiga pasi. Nje nasikia mama mkubwa anaongea na mzee wa dukani. Huyu ni mzee wa Kiarabu mwenye duka mkabala na kwetu, duka lililofunguliwa na baba yake, na kila siku alasiri huvuka barabara kufuata chapati zake. Wanapenda kubishana juu ya samli. Mara nikasikia sauti ya mama mkubwa ikiniita jina langu lote na la baba.

Nikatoka mbio. Ameinua mkono wa kushoto. Mtupu. Kwenye kifundo kuna mstari mwembamba tu pale unga ulipokuwa haufiki.

"Imekatika?"

"Sijui! Nimekata madonge yote, nataka kusukuma, nikaangalia saa, haipo!"

Tukatafuta chini ya meza. Tukatafuta kwenye beseni, kwenye kanga yake, kwenye mfereji wa maji. Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa anasubiri chapati akaegesha pikipiki akapiga magoti na sie, anamulika uvunguni na simu. Hakuna. Kisha wote, bila mtu kusema, tukageuka tukaliangalia sinia. Lilikuwa limejaa madonge ya duara, mazuri, yamepakwa mafuta, yamepumzika chini ya kitambaa. Mama mkubwa akiwa kwenye mazungumzo huwa haangalii anachokata, mikono inajua yenyewe.

"Imo humo," akasema.

Bodaboda akanyoosha mkono, "Tuyaminye basi."

"Nani aminye? Unga ulishapumzika, ukiuminya unakaza! Utakula wewe chapati kama soli ya kiatu?"

"Sasa tutaijuaje?"

Mzee wa dukani akavua kofia yake akasema, "Saa si inalia? Tusikilize."

Mama mkubwa akakubali, kwa sharti moja: kila mtu anawe mikono hadi kwenye viwiko, na donge lisiguse sikio. Tukanawa kama tunaingia chumba cha upasuaji. Kisha tukagundua hatusikii kitu, kwa sababu kinyozi wa jirani alikuwa amefungulia singeli mpaka mabati yanatetemeka.

"Zima hiyo!" mzee akapiga kelele.

"Kuna msiba?" kinyozi akauliza.

"Kuna saa ndani ya chapati!"

Muziki ukazimwa. Mashine ya kunyolea nayo ikazimwa. Kinyozi akatoka, na mteja wake nyuma, kichwa kimenyolewa nusu, shuka shingoni. Mtaa wa Tandika, Jumamosi alasiri, ukanyamaza kabisa. Sijawahi kuusikia hivyo kabla wala baada. Tukasimama kuizunguka meza, kila mtu ameinua donge karibu na sikio, macho yamefumbwa, kama watu wanaopiga simu ya muhimu sana.

"Ninayo!" bodaboda akaruka. "Wallahi naisikia, tik tik tik!"

Mama mkubwa akalichukua donge, akalipasua na kisu. Unga mtupu. Akamkazia macho yule kaka, kisha akakiangalia kifundo chake.

"Mkono wako una nini hapo?"

Alikuwa na saa yake mwenyewe, ya betri, inchi mbili kutoka sikioni. Yule mteja wa kinyozi alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi na shuka lake. Mimi machozi yalikuwa yananitoka, mama mkubwa anatukemea tunyamaze, na yeye mwenyewe mabega yanamtikisika.

Tukaanza upya. Donge moja, chini. Donge jingine, chini. Otomatiki hailii kama ya betri, inanong'ona haraka haraka, ukipumua kwa nguvu umeipoteza. Halafu nikamwona mzee wa dukani ameganda. Alilihamisha donge kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto. Akalirudisha la kulia. Uso wake ukaanza kufunguka.

"Hili," akasema kwa sauti ya chini, "lina maneno."

Mama mkubwa akapitisha kisu pembeni, taratibu, kama anampasua mtu anayemfahamu. Ukatokea mkanda mweusi, pini moja imechomoka. Akautenganisha unga kwa vidole viwili. Ile buluu ikachungulia, na juu yake mshale wa sekunde unateleza, unateleza, hauna habari na mtu.

Vigelegele vilianzia kwa mama mkubwa mwenyewe. Bodaboda akapiga honi. Kinyozi akakimbia ndani kurudisha muziki. Mzee wa dukani aliishika ile saa yenye unga kwenye kiganja chake na hakutaka kuitoa. Alikuwa anairudia kauli moja tu, "Inatembea. Jamani, inatembea." Chapati siku hiyo ziliisha kabla hazijapoa. Lile donge lenyewe watu waligombania kulinunua, mama mkubwa akawapa kuku.

Nilipoipeleka kwa fundi saa afungue mgongo na kubadilisha kile kipira kinachozuia maji, aliinusa kabla hajaifungua. "Dada, hii saa mbona inanukia samli?" Ndani ilikuwa safi, kavu kabisa. Nikaomba pini mbili mpya, nene zaidi.

Nilikuwa nimeamua saa sasa ipumzike, mkono wa mama mkubwa utoke kazini. Nilipomwambia, aliniangalia kwa mshangao.

"Ipumzike wapi? Saa yangu?"

Neno hilo alilitamka bila kujua amelitamka. Nami sikulisahihisha. Nilijisikia kama mtu aliyeozesha binti.

Jumamosi iliyofuata alifunga meza mapema, akavaa baibui lake jipya, akaniambia tunakwenda Kariakoo. Yule machinga alikuwepo, na kisanduku chake na sponji yake nyekundu. Mama mkubwa hakusalimia. Aliinama, akatembeza macho juu ya saa zote, akazipita zenye kwikwi moja baada ya nyingine bila kuzigusa, nikaona fahari. Akasimama kwenye moja ya uso wa kijani.

"Hii inateleza," akamwambia machinga. "Igeuze nione tumbo lake."

"Mama mkubwa," nikamnong'oneza, "mkono wako si una ya buluu?"

"Huu wa kushoto ndiyo. Na huu wa kulia unakanda bure?"

Akamnyooshea machinga mkono wa kulia, vidole vimekunjuka, amevuta mkono wa baibui hadi kwenye kiwiko, akisubiri kuvalishwa. Yule kijana akanitazama mie. Mie nilikuwa nacheka, nimeshikilia meza yake nisianguke, na jicho langu moja tayari liko kwenye ile ya rangi ya dhahabu, pale pembeni, ambayo mshale wake nao ulikuwa unateleza.