Mlango wa Chumba cha Pampu

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafundisha walimu wapya wa chuo kikuu namna ya kufundisha na kutafiti. Somo la tatu halibadiliki: jinsi ya kumficha mtu aliyekupa maneno yake. Naandika ubaoni: ondoa jina, ondoa cheo, ondoa kijiji, kisha isome ripoti yako kwa macho ya adui wa huyo mtu. Vijana hunakili yote. Wengine hunifuata baadaye kunisifu kwamba nafundisha jambo hili kwa uchungu. Nawaitikia asante, ila sipendi kabisa kusifiwa kwa somo hilo.

Feni za ukumbi zinapoanza kunguruma, mimi husikia pampu. Husimama chaki mkononi mpaka sauti ipite, na wao hudhani natafuta neno.

Katikati ya miaka ya sabini serikali ilibadili njia ya kuingia chuo kikuu. Kufaulu mtihani peke yake hakukutosha tena. Mwombaji alitakiwa awe amefanya kazi kwanza, kisha mwajiri wake na tawi la chama la pale kazini waandike barua kwamba anafaa. Mfanyakazi ambaye hakupitia kidato cha sita naye aliruhusiwa kufanya mtihani wa watu wazima, lakini barua ilikuwa palepale. Niliipenda sera hiyo, na sitajifanya leo kwamba niliichukia. Nilikuwa mhadhiri msaidizi, sijathibitishwa kazini, na nilikuwa nimechoka kuwaona watoto wa wakubwa wakijazana kwenye madarasa yetu.

Chuo kikataka kujua sera inakwendaje huko chini kwa wafanyakazi. Wakubwa wakauliza ni nani anayejua Kisukuma. Nikanyoosha mkono haraka, kama mwanafunzi wa darasa la pili.

Hivyo nikarudi Shinyanga, nyumbani, na kinasa sauti cha kaseti begani. Nilizunguka kwa wiki tano. Mwadui, Songwa, kote nilipata majibu ya aina moja: sera ni nzuri, tunashukuru. Mtu akiona kinasa sauti anajibu kama yuko mkutanoni. Nilianza kukata tamaa, mpaka nilipofika kwenye kinu kimoja cha kuchambua pamba ambacho sitakitaja.

Pale alikuwapo mhudumu wa pampu ya maji. Alikuwa na miaka thelathini na mitano hivi, mrefu, mpole, na nywele zake zilikuwa na nyuzi za pamba kama kila mtu wa pale. Nilimsalimu kwa Kisukuma. Alinitazama vizuri, akacheka, akanivutia ndoo niikalie ndani ya chumba chake cha pampu. Kelele za mashine zilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna wa nje ambaye angetusikia.

Nilipogeuka nikauona mlango. Upande wake wa ndani ulijaa aljebra iliyoandikwa kwa chaki, kuanzia juu mpaka chini. Alikuwa amemaliza kidato cha nne kwa masomo ya posta, na sasa alijiandaa kwa ule mtihani wa watu wazima. Kila Jumatatu aliufuta mlango kwa pamba chafu na kuanza sura nyingine. Alitaka uhandisi, hakutaka kitu kingine chochote.

"Mtihani siuogopi, dada," aliniambia. "Naogopa barua. Barua ya hapa haiandikwi, inalimwa."

Nikamuuliza maana yake. Akaeleza, taratibu, huku akitazama geji ya pampu. Katibu wa tawi alikuwa na shamba la pamba. Aliyetaka barua alipalilia shamba hilo msimu mzima, kila Jumapili, na ambaye hakupalilia aliandikwa kwamba hana ushirikiano. Yeye alipalilia Jumapili mbili, akaacha. Alisema Jumapili zilikuwa za hesabu.

"Hutanitaja?" akauliza nilipozima kinasa.

"Jina lako halitatoka kinywani mwangu," nikasema. Nililisema hilo kwa majivuno, kama mtu anayeapa mahakamani.

Na kweli halikutoka. Ripoti niliiandika kwa bidii, bila jina la mtu wala la kinu. Lakini ule mlango ulikuwa umenikaa moyoni. Niliuweka katika ukurasa wa kumi na moja: mfanyakazi mmoja wa mkoa huu hujifunza aljebra kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba cha pampu, na anasema barua haiandikwi, inalimwa. Mkuu wangu aliposoma hapo aliniita, akanipa mkono. Akasema hapo ripoti inapumua. Nilitembea siku nzima nikijiona mwandishi. Ilikuwa ni sifa tu iliyonitia upofu, hakuna jina jingine.

Sikujua kwamba wizara ingepeleka nakala mikoani ili watoe maoni. Mkoa ukapeleka wilayani, wilaya ikapeleka kwenye matawi. Pale kinuni ni nani asiyejua mlango uliojaa chaki ni wa nani?

Mwaka uliofuata niliwekwa kwenye kamati ya udahili, mdogo kuliko wote, nikiandika muhtasari. Tulikaa alasiri nzima tukipitia fomu za wafanyakazi. Fomu ya yule mhudumu wa pampu ikaja. Mtihani wa hesabu alikuwa amewashinda wote waliotoka kanda yetu. Barua ya tawi ilikuwa na mistari mitatu. Ilisema mwombaji hana moyo wa ushirikiano, na amekuwa akiwapotosha wageni wanaokuja kufanya utafiti.

Niliyasoma maneno hayo mara mbili. Wageni gani? Mgeni alikuwa mimi.

Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye haki, hilo lazima niliseme. Aliishika fomu kwa muda, akatikisa kichwa. "Ni huzuni kuzipoteza alama hizi," akasema. "Kama kuna mtu wa kumsemea, tunaweza kuiweka kando barua hii." Kisha akanigeukia. "Wewe ni wa huko, na ulitembea kwenye vinu. Unamfahamu huyu?"

Nilikuwa na dakika nzima ya kujibu. Ningesema namfahamu, wangeuliza nimemfahamuje, na ningelazimika kusema kwamba mtu niliyeahidi kumficha nimemwanika mwenyewe. Wiki mbili baadaye faili langu la kuthibitishwa kazini lilikuwa linapelekwa mezani, pamoja na jina langu kwenye orodha ya kwenda kusoma ng'ambo. Nilifikiri hayo yote, kwa utulivu kabisa. Sikubabaika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha hadi leo.

"Simfahamu," nikasema.

Mwenyekiti akaiweka fomu upande wa kushoto. Nikaandika kwenye muhtasari kwa mkono wangu: hakupendekezwa.

Nilithibitishwa. Nilikwenda ng'ambo, nikarudi na shahada, nikapewa kuendesha mafunzo ya walimu wapya. Kaseti yake nilikwenda nayo na nikarudi nayo. Huko ng'ambo, katika chumba chenye baridi, niliisikiliza mara moja tu. Sauti yake ikasema "dada", nikageuka kutazama mlango. Tangu hapo, katika kila nyumba niliyoishi nimeona chaki nyuma ya mlango pasipokuwa na chaki. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Labda walimaanisha waongo wengine, kwa sababu yangu mimi bado naitembea.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilishindwa kuvumilia. Nilichukua likizo nikaenda kinuni. Chumba cha pampu kilikuwa na mhudumu mwingine, na mlango ulikuwa umepakwa rangi ya kijani. Huyo akaniambia mwenzake aliacha kazi zamani, amekwenda kwenye dhahabu, upande wa Bulyanhulu. Nikapanda lori la mahindi mpaka Kahama, kisha jingine.

Sikupata shida kumpata. Wachimbaji wadogo pale walikuwa na maduara mengi, yale mashimo yao marefu, na maji yalipojaa chini aliitwa mtu mmoja tu. Walimwita Injinia. Nilimkuta mchana, amepiga magoti kando ya pampu ya dizeli iliyokuwa ikivuta maji kutoka kwenye duara, mikono imejaa mafuta.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akasema, halafu akanitambua. Uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo sikuistahili. Alizima mashine, akanawa, akanitandikia gunia nikae.

Nilikuwa nimekariri maneno yangu njia nzima. Nikamwambia kuhusu ukurasa wa kumi na moja. Nikamwambia mlango ndio uliomtaja, na mlango niliuandika mimi kwa sababu ulinipendeza. Nililia, na sikujizuia.

"Najua," akasema. "Waliniita ofisini. Ripoti yako ilikuwa mezani, wamepiga mstari mwekundu. Katibu akaniambia, sema huyo dada alikutungia maneno, tunasaini barua yako leoleo."

"Ukasemaje?"

"Nikasema maneno ni yangu."

"Kwa nini? Ungesema tu nilikutungia!"

Akanitazama kwa mshangao kidogo, kama mwalimu anayeulizwa jambo jepesi, akaniita mama kwa Kisukuma. "Ningekuwa nimekufanya mwongo, mayu. Hakuna msomi mwingine aliyewahi kuja kutuuliza kwa lugha yetu. Nami nikajiambia, waache waandike watakavyo. Nitaituma fomu hivyohivyo. Huko juu, chuoni, yupo mtu mmoja anayejua ukweli."

Wachimbaji wawili walikuja kumuuliza maji yamefika wapi, akawajibu, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimeshikilia ncha ya gunia. Sehemu ya pili ya maneno yangu, ile ya kikao cha udahili niliyosafiri hasa kuileta, nilikuwa bado sijaitoa.

"Sikupata jibu lolote," akaendelea. "Nimekuwa nikijiuliza miaka yote hii. Nadhani fomu ilipotelea njiani. Au wewe uliiona huko kikaoni?"

Aliuliza bila shutuma. Alitaka kujua tu.

"Sikuiona," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakalegea. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima, kama wanavyofanya watu wa kwetu.

"Wabeja, mayu," akasema. "Asante kwa kuja kuniambia. Nilijua tu. Ungeiona, ungenisemea."