Nilivyomzulia Kifo Bi Zuhura

Chekeni kwanza, mkimaliza niendelee, maana hapa Xiaobei, mtaa wetu huku kwa Wachina, bado kuna watu wakinikuta kwenye lifti wanashuka wasubiri inayofuata, na siwalaumu.

Mimi ni mwanafunzi, na ugonjwa wangu ni hadithi za Kiingereza za mauaji ya kijijini, zile ambazo kijiji kina nyumba ishirini na kila wiki anauawa mtu, polisi wanashindwa, halafu mtu asiye na kazi maalumu anawakusanya wote sebuleni, wanakunywa chai, anamtaja muuaji. Nilizisoma mno (shahada yangu ni ya saruji, mtanielewa).

Ghorofa ya juu yangu waliishi Mzee Kassim, wakala wa mizigo, na mkewe Bi Zuhura, watu wa Tanga. Nilikuwa nimepeleka posa kwa binti yao Rahma, aliyeko nyumbani. Rahma mwenyewe alishakubali, wazazi walikuwa bado hawajajibu, kwa hiyo nilichotakiwa kufanya ni kutulia tu.

Jumatatu Bi Zuhura hakuonekana. Jumanne nikamuuliza mzee, akasema, "Kalala." Jumatano akasema, "Kaenda sokoni Yide Lu," huku akitazama ukuta. Alhamisi nikamkuta kwenye lifti na kisu kipya, selotepu tano na robota kubwa la sandarusi, analikokota peke yake, jasho linamtoka. (Ndiyo, ni wakala wa mizigo. Ndiyo, hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Najua.)

Nikampigia Bi Zuhura, simu imezimwa. Kwamba muuaji ni baba mkwe wangu mtarajiwa ilinisikitisha, lakini haki ni haki. Nikaandika kwenye grupu letu la Watanzania: "Ndugu zangu, naomba tukutane wote chumbani kwangu saa tisa alasiri. Ni kuhusu Bi Zuhura. Mengine siwezi kuandika hapa."

Sasa jamani, nyinyi ujumbe huo mngeuelewaje? Kwetu ukiitwa namna hiyo unajua ni msiba, hakuna anayeitwa chumbani kwa mtu kutajiwa muuaji. Mimi hilo halikunijia kabisa.

Walikuja watu thelathini. Wanawake wamejitanda khanga, wanaume wamevaa kanzu, mmoja kabeba mikeka, mwingine sufuria la chai, na wenye misahafu wakaketi pembeni wakaanza Yasini. Nikaona wamejipanga vizuri, hata chai ipo, kama vitabuni. Mama mmoja alikuwa ameshapiga simu Tanga.

Akaingia Mzee Kassim. Wakamkumbatia mmoja mmoja, "Pole mzee, kazi ya Mungu." Akazitazama nyuso zile, akakaa chini analia: "Kosa langu! Ni mimi! Zuhura wangu, ni mdomo wangu huu!"

Nikasimama.

"Mmesikia wenyewe," nikasema. "Amekiri. Mzee Kassim ndiye aliyemuua, na maiti imo kwenye robota."

Yasini ikakatika. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Zuhura na ndala zake, simu sikioni, na ndani ya simu Rahma anasikika akilia.

"Mimi hapa mwanangu, sijafa," alisema, kisha akatutazama. "Nani kasema nimekufa?"

Watu thelathini wakaninyooshea kidole.

Kumbe Bi Zuhura alikuwa amesusa. Alihamia kwa shoga yake mtaa wa pili, akazima simu (aliiwasha mchana ule, wa kwanza kupiga akawa binti yake, akamwambia analiliwa chumbani kwangu), na mzee aliona aibu kusema mke kamkimbia. Walichogombania ni mimi. Mzee alitaka kuikataa posa yangu, eti kijana ana mambo ya ajabu, na mama akaapa harudi mpaka aikubali.

Bi Zuhura akaketi kando ya mumewe, akamfuta machozi kwa ncha ya khanga. Kusema kweli nilifurahi, nilidhani wakipatana, nami nimepona.

"Kassim," alisema, "nisamehe. Ulimjua kuliko mimi."

Robota lilifunguliwa mbele ya wote. Jinzi za watoto.

Rahma aliniandikia mara moja tu: "Ulimfikiria baba vibaya kiasi hicho, ukashindwa kujua mama alikuwa upande wako?" Iliniuma, inaniuma mpaka leo. Vitabu nimevigawa vyote. Siku hizi nikikutana na mtu na kisu na robota kwenye lifti, namsalimia, namsaidia kubeba, na akiniambia mkewe kalala, namwambia alale salama.