Hina Kwenye Kucha za Tui

Sungura hapakwi hina. Jambo hilo halitaki fatwa. Aliyewahi kumfuga mnyama huyo atakwambia sababu. Kucha za sungura mweupe huonyesha ndani yake, na ndani mna mshipa mwekundu wa damu. Ukitaka kumkata, wautazama ule mshipa, waacha nafasi kidogo mbele yake, wakata ncha basi. Ukishazipaka hina, huoni kitu, na ukikata kwa kubahatisha utamtoa damu. Bi Waridi wa Mtongwe aliyajua hayo yote. Lakini mkesha wa Idi mwanawe aliomba, na kwa namna mtoto yule alivyokuwa amekonda, angeomba nini akanyimwa?

Bi Waridi mwenyewe kazi yake ilikuwa hina. Kutoka Likoni mpaka Shelly, harusi ilikuwa haijawa harusi mpaka yeye afike na kibakuli chake na vijiti vyake. Alisaga majani ya mhina uliosimama uani kwake, na ile piko, rangi nyeusi ya dukani, hakuigusa, akisema yaunguza ngozi za watoto wa watu. Wateja wenye haraka waliokuja kumlilia kwamba ua limepinda, alikuwa akiwajibu jibu moja: "Hina haifutwi, mwanangu. Hungojwa ikatoka."

Samiha alikuwa mwanawe wa pekee, na alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomkamata mtu mifupani akawa hata shuka ni nzito. Siku moja Samiha alipotoka hospitali, babake, Rashad, anayefanya kazi Kipevu, alirudi na sungura mdogo mweupe aliyepewa na rafiki yake wa Kiembeni. Samiha akamwita Tui. Tangu siku hiyo, maumivu yalipokuja, mtoto hakutaka kushikwa na mtu. Alitaka Tui alazwe karibu naye, na kiganja cha mamake kiwekwe mgongoni, kiwekwe tu, kisibonyeze. "Msinishike kwa nguvu," alikuwa akisema.

Aliyewafundisha kumkata Tui kucha ni Selpher, mpangaji wa chumba cha uani, mwanamke wa bara aliyekulia kwenye vibanda vya sungura vya babake. Siku ya Ijumaa, nyumba nzima ilipokata kucha kama ilivyo sunna, Tui naye alikuwa akitazamwa zake. Zikiwa ndefu, Selpher hukata na Samiha hushika. Bi Waridi hakushika wala hakukata. Aliogopa damu, na mwenye mtoto mwenye ugonjwa wa damu usimcheke kwa kuiogopa. Kazi yake ilikuwa kuziokota kucha za wote, za watu na za mnyama, na kwenda kuzizika chini ya mhina, maana kwao kilichotoka mwilini hakitupwi jaani.

Basi mkesha ule wa Idi, wanawake walipokwisha kupakwa na kwenda zao, Samiha alikaa mkekani na hina iliyobaki kibakulini. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeshapakwa. Akachukua kijiti, akamlaza Tui mapajani, akaanza kumpaka ukucha mmoja mmoja, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo.

"Sasa hizo nitazikataje?" Selpher akamuuliza. "Sitaona damu iko wapi."

"Utangoja, Anti Selpher. Hina haifutwi."

Bi Waridi alicheka siku ile. Alicheka mpaka akashika mbavu, kumsikia mtoto akimuibia maneno yake. Kicheko kile mpaka leo akikikumbuka kinamuuma.

Idi haikuwa hata imepoa, maumivu yakarudi. Wakavuka feri naye kwenda hospitali, na aliporudi alirudi amefunikwa. Bi Waridi alimwosha mwanawe kwa mikono yake, na hina ilikuwa bado viganjani, nyekundu, imekolea vizuri. Kisha wanaume wakabeba jeneza, wakatoka nalo kwa haraka yao ile, na wanawake wakabaki ndani, kama ilivyo ada. Bi Waridi alisikia sauti zao zikipungua njiani mpaka zikaisha. Rashad alimtia mwanawe kaburini. Mama mtu alikuwa amekaa sebuleni, ameshikwa mabega na watu huku na huku, kwa nguvu, kama vile Samiha alivyokuwa hataki.

Baada ya matanga akaja Jalila, dadake Rashad, kukusanya nguo za marehemu zitolewe sadaka. Alizikunja upesi upesi, vitabu vya shule akavifunga kamba, akasema, "Wifi, asiyekuwapo na lake halipo." Kuna watu Mungu amewajaalia methali kwa kila jambo, akasahau kuwajaalia kunyamaza. Macho ya Bi Waridi yalikuwa kwa Tui, aliyekuwa amejikunyata chini ya kitanda, na zile kucha nyekundu zimechungulia mbele ya manyoya meupe. Hina ya mikononi mwa Samiha ilikuwa imekwenda naye. Hii hapa ndiyo iliyobaki duniani.

Toka siku hiyo hakupaka mtu hina. Mabibi harusi wakaja, wakarudishwa mlangoni kwa adabu. Majirani nao, kwa huruma yao ya kijinga, wakaacha kumwita Mama Samiha. Ghafla akawa Bi Waridi kwa kila mtu, kana kwamba jina la mtoto ni kidonda kisichotajwa. Selpher peke yake hakubadilisha. "Habari ya asubuhi, Mama Samiha," alisema kila siku akipita na ndoo yake, na Bi Waridi hakujua ampende au amchukie kwa hilo.

Kucha huota, hata mtu akatae. Mwezi ulipokwenda, chini ya hina pakaonekana mstari mweupe. Ukapanuka. Hina ikawa yasukumwa mbele na ukucha mpya, ikabaki nusu, kisha ikabaki ncha. Bi Waridi kila asubuhi alimpakata Tui na kuzitazama. Zilikuwa zimeanza kupinda. Sakafuni zilipiga kelele, na Tui akawa akikanyaga kwa ubavu wa nyayo, mwendo wa mzee mwenye viatu visivyomfaa.

"Mama Samiha," Selpher akasema, "mshipa sasa unaonekana. Si tumkate?"

"Muache."

"Zikizidi hapo zitamuumiza."

"Nimekwambia muache. Huko kwenu sungura ni kitoweo, Selpher. Hapa ni mtoto wa nyumba."

Lilikuwa neno baya, na Bi Waridi alilijua ubaya wake lilipokuwa bado mdomoni. Selpher alichukua ndoo yake akaingia chumbani mwake. Usiseme hakuumia, aliumia, na asubuhi yake akapita vilevile na kusema, "Habari ya asubuhi, Mama Samiha."

Rashad naye akajaribu, kwa upole, sahani ya wali iko mbele yake haijaguswa. "Mke wangu, yule mnyama anateseka."

"Kila kitu chake mmekitoa," Bi Waridi akasema. "Nguo mmetoa, vitabu mmetoa. Yeye mwenyewe mlimtoa mlango ule pale, mimi nimekaa. Niachieni hiki."

Rashad akainamisha kichwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na hapo wazazi walikuwa wawili, kila mmoja na wake, hawajui namna ya kuuweka pamoja.

Alhamisi moja, baada ya adhuhuri, Bi Waridi alikuwa jikoni akikuna nazi aliposikia sauti ambayo hakuwa ameisikia maishani mwake. Sungura hana sauti. Unaweza kuishi naye miaka usimsikie hata kukohoa. Akilia, basi ni jambo limemfika. Alipotoka mbio alimkuta Tui kwenye mkeka, ukucha mmoja wa mguu wa mbele umenasa kwenye msuko wa ukili, naye anajivuta na kujipigapiga. Kabla hajamfikia, ukucha ukang'oka. Damu ikatiririka mkekani, palepale Samiha alipokuwa amekaa na kibakuli chake.

Bi Waridi akamshika. Akamshika kwa nguvu, kwa hofu, na Tui akalia tena, na kilio kile kikamwingia mama yule mpaka kwenye mifupa. Mikono yake ikalegea yenyewe. Akamwekea kiganja mgongoni, akakiweka tu.

Selpher alifika na unga wa ngano kwenye kisosi na kitambaa safi. "Bandika unga hapo, bonyeza na kitambaa. Usifute, ukifuta itaanza tena." Bi Waridi akabonyeza. Aliogopa damu maisha yake yote, na sasa ilikuwa kwenye vidole vyake, moto, naye hakuondoa mkono. Ilipokatika, alibaki amekaa pale chini.

"Ni mimi niliyemtesa," akasema. "Mwanangu alimpenda kiumbe huyu, mimi nimemgeuza sanduku la kuwekea vitu. Selpher, nisamehe na lile neno."

"Neno lipi?" Selpher akasema, na alilijua vizuri sana.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Asubuhi, jua limeshaingia uani, Bi Waridi alileta tauli kuukuu, kikata kucha kile kikubwa cha kucha za miguu, unga wa ngano kwenye kisosi, na kibakuli chake cha hina kilichokuwa kikavu tangu Idi. Selpher akanyoosha mkono apokee kikata kucha, lakini Bi Waridi hakumpa. "Wewe shika leo," akasema. "Nitakata mimi."

Selpher akamfunga Tui kwa tauli, kichwa nje, akamweka kifuani mwake na miguu ikiwa imeshikiliwa kwa chini. "Tusimlaze chali kamwe," akasema. "Huogopa, akajirusha, akajivunja mgongo." Akatoa mguu mmoja tu nje ya tauli, akawasha tochi ya simu nyuma ya ukucha. Bi Waridi akainama. Mshipa ulionekana, mwekundu hafifu, umekuja mpaka karibu na hina ukasimama. Pa kukata palikuwa pamejichora penyewe. Hina ilikuwa ndiyo alama.

"Ubane kidogo kwanza," Selpher akasema. "Akishtuka, uko karibu mno. Asiposhtuka, kata."

Akabana. Tui hakushtuka. Akakata, na kipande cha hina kikaanguka kibakulini. Machozi yalimtoka Bi Waridi hapo hapo, akayafuta kwa bega, akaendelea. Ukucha wa pili, wa tatu. Mikono iliyochora maua kwenye viganja vya maharusi wa Likoni yote haikutetemeka, ingawa mwenyewe alikuwa akilia waziwazi. Tui alipoanza kutapatapa walimpumzisha, wakampa jani la sukuma, wakarudi. Ule mguu ulioumia hawakuugusa kidole chake. Mwisho ukabaki ule ukucha mdogo wa ndani, ulioinuka kama kidole gumba, ambao wengi husahau kuukata. Samiha hakuusahau. Aliupaka vizuri kuliko zote.

"Huu tuuache," Bi Waridi akasema.

Selpher akauelekezea tochi. "Mama Samiha, ule uliong'oka jana ni kama huu, wa mguu wa pili. Huu ni mwenzake. Ndio hunasa."

Bi Waridi aliushika ule ukucha kwa muda. Kisha akabana, akangoja, akakata.

Tui alipowekwa chini alijitikisa, akaruka mara moja, akaruka tena, nyayo zimelala sawasawa sakafuni. Bi Waridi hakumtazama sana. Alichukua kibakuli akaenda chini ya mhina, akapiga magoti, akachimba kwa kijiko kishimo cha kina kidogo. Hilo alilifanya Ijumaa zote za maisha yake, akizika kucha za watu. Lakini alipokwisha kuziweka mle ndani, hakufukia kwa kijiko. Alichota udongo kwa mkono, akautia. Akachota tena. Akachota mara ya tatu.

Rashad alikuwa amesimama mlangoni, adhuhuri imekaribia, amevaa kanzu ya kwendea msikitini, na alikijua anachokiona, maana yeye mwenyewe alikifanya siku ile. Udongo wa kaburi hutiwa kwa mkono, mara tatu, kisha mtu humpisha mwenzake.

"Waridi," akasema taratibu, "ni kucha tu hizo."

"Najua," Bi Waridi akasema. "Siku ile hamkunichukua."

Rashad akaja, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe kwenye udongo, na wakafukia pamoja mpaka paliposawazika. Msikitini walikwisha kuadhini Rashad alipokumbuka kwamba alikuwa akienda swala ya Ijumaa.