Printa Nne za Shirika la Pamba

Sina uvumilivu na mabosi, wala sikuwahi kuwa na uvumilivu huo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini niliajiriwa kwenye chumba cha kompyuta cha shirika moja la pamba mjini Shinyanga. Sabuni wakati ule ilipatikana kwa kujuana, lakini sisi tulikuwa na kompyuta ya msaada, kubwa kama kabati la nguo. Ililetwa na skrini nne, moja kwa kila idara, na printa moja, iliyokaa chumbani kwetu kwa jina la Uhasibu. Ugomvi ulianza siku ile ile tulipoifungua.

Mkuu wa Usafirishaji alisema hawezi kusubiri karatasi zake zitoke kwenye mashine ya Uhasibu kama mtoto anayesubiri ukoko wa wali. Mkuu wa Ununuzi akasema kama kuna mwenye haki ya kuwa na printa ni yeye, kwa sababu bila pamba hakuna shirika. Mkuu wa Utumishi hakusema kitu, alinuna tu, na kununa kwake kuliogopwa kuliko maneno ya wenzake. Mkurugenzi akachoka nao. Akaagiza kila idara iwe na printa yake, akijua vizuri kwamba fedha za kigeni za kununulia hata utepe wa wino hazikuwepo.

Fundi aliyetumwa kutoka Dar es Salaam alicheka aliposikia agizo hilo, akakaa kwenye kiti changu. Alinieleza kwamba ndani ya kompyuta kuna programu moja inayozitawala nyingine zote. Yeye aliiita kiini. Programu nyingine hazina ruhusa ya kuigusa printa. Zikitaka kuchapa zinakiomba kiini, na kiini ndicho chenye mamlaka ya mashine. Kwa hiyo kiini kinaweza kuiambia kila idara, "Printa yako hii hapa, ni yako peke yako," na pale pasiwe na kitu. Kinapokea kazi za wote, kinazipanga foleni, kinazitoa moja moja kwenye printa ile ile.

"Ni printa za kudhaniwa," aliniambia, "lakini idara haina njia ya kujua."

Alipomaliza, kila skrini ilionyesha printa yake ikiwa tayari kwa kazi. Akapanda treni akaenda zake, akaniachia mimi wakuu wanne wenye furaha. Mkurugenzi aliandika waraka wa pongezi, kwamba shirika sasa lina printa nne.

Waraka ule ukamfikia mtunza stoo. Huyu alikuwa mzee wa Mhunze, mkimya, aliyebakiza miezi tu astaafu. Alikuwa na hamu moja duniani: kukabidhi funguo bila doa na kurudi kwa ng'ombe wake na karatasi ya mafao mkononi. Aliwaona wenzake wengi wakiondoka kwa aibu kwa sababu ya toroli moja lililopotea, na jambo hilo lilimnyima usingizi. Ndiyo maana kila mali ya shirika aliipiga namba kwa rangi nyeupe. Viti, mafagio, hata mti wa kivuli pale getini ulikuwa na namba.

Alikuja na kopo lake la rangi na brashi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Mashine zangu nne ziko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hii moja. Ya pili?"

"Hiyo hiyo, baba."

Akaizunguka. Nikamweleza habari za kiini, na foleni, na printa za kudhaniwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Sijaelewa hata kidogo, mwanangu. Lakini mkurugenzi ameandika nne, na mimi siwezi kumkosoa mkurugenzi." Akachutama, akaandika namba moja kwenye mfuniko wa juu, pale karatasi inapopita ikitoka, kisha mbili, tatu na nne ubavuni, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Akapuliza rangi ikauke, akaondoka ameridhika.

Siku chache baadaye ukaja upuuzi wa vitambaa. Kwetu redio hufunikwa kitambaa cha kufuma, na mkuu wa Ununuzi aliona ni aibu printa yake ikae uchi. Mhazili wake akafuma cha manjano chenye maua. Uhasibu wakajibu kwa cha kijani. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa na vitambaa vinne na printa moja. Mkuu akija kutembelea mashine yake nilivua kitambaa cha mwenzake na kuvisha chake, mbio mbio, nikisikia viatu vyake koridoni. Siku moja wawili walikuja pamoja. Nikavitandika vyote viwili, kimoja juu ya kingine, na kila mmoja akakitazama chake tu. Nilisomea hesabu mimi, na nilikuwa nimegeuzwa kuwa yaya wa mashine!

Halafu ukafika msako wa wahujumu uchumi. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule anakumbuka: watu walitupa mifuko ya sukari vichakani, na ukionekana na jozi mbili za viatu vipya unaulizwa. Wachunguzi walipoingia kwetu walichukua waraka wa mkurugenzi, wakaja chumbani kwangu, wakahesabu. Printa nne kwenye maandishi, moja machoni. Mtunza stoo akaitwa.

Mchunguzi mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kupenda hesabu zifungane. Aliwaita wakuu wa idara mmoja mmoja.

"Ndugu, printa ya idara yako iko wapi?"

"Hii hapa," alisema mkuu wa Uhasibu, akaonyesha kitambaa cha kijani.

"Hii hapa," alisema mkuu wa Ununuzi, na kweli kitambaa cha manjano kilikuwepo kwa chini.

Wote wanne walionyesha mashine ile ile, wote wanne walisema kweli, na wote wanne waliongeza kwamba printa za wenzao hawazijui, aulizwe mtunza stoo. Damu ilinichemka. Mzee wa watu alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Nikasema mimi ndiye ninayejua. Nikamweleza mchunguzi habari yote, tangu kwa fundi wa Dar es Salaam.

"Kwa hiyo, dada, zipo au hazipo?"

"Zipo ndani ya kiini."

"Fungua kiini."

Nilifungua kabati la kompyuta, ningefanya nini? Akachungulia na tochi, akapitisha mwanga kwenye nyaya taratibu, akaniuliza kama printa zimekunjwa. Nikamwambia kiini si chombo, ni maagizo. Akaniuliza nani ametoa hayo maagizo. Hapo nikafunga kabati, kwa sababu niliona mazungumzo yanaelekea kwa fundi, naye ni baba wa watoto.

Mchunguzi akazima tochi. "Mali isiyoonekana," akasema, "imeibwa au imechakaa. Ikiwa imeibwa, mzee huyu naondoka naye leo."

"Imechakaa," mtunza stoo akasema haraka.

"Zote tatu?"

"Zote tatu. Namba mbili, tatu na nne."

Basi. Mali chakavu ya shirika iliondolewa na kamati, na kamati ilikuwa na utaratibu: kitu kinaletwa, kinachomwa moto mbele ya mashahidi, majivu yanaonekana, watu wanatia saini. Kamati ikaja Ijumaa asubuhi. Niliwaambia hakuna haja ya kiberiti. Nikakaa kwenye kibodi, nikakiagiza kiini kifute printa ya pili, ya tatu na ya nne. Skrini ikaandika kwamba zimeondolewa. Nikageuka nikitabasamu.

"Majivu?" akauliza mwenyekiti wa kamati.

Nikamwambia hakuna majivu. Akasema basi hakuna saini, na bila saini mzee ataondoka na mchunguzi. Wakaanza kutafuta. Katibu wa kamati ndiye aliyeinua vitambaa, akainama ubavuni mwa printa, na uso wake ukang'aa.

"Mbili, tatu, nne. Hizi hapa! Nani alisema hazionekani?"

Nilifungua mdomo. Printa ile nilikuwa naipenda, nasema kweli. Ndiyo iliyonitofautisha na wapiga taipu wote wa mji, na nilijua haitakuja nyingine. Neno moja langu lingeiokoa. Nikamtazama mtunza stoo. Alikuwa ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Nikafunga mdomo.

"Na namba moja?" mjumbe mmoja akauliza. "Namba moja haimo kwenye adhabu."

Wakajadiliana. Mwenyekiti aliamua kwa haki: namba moja isiguswe. Akaitwa fundi wa matrekta na bisibisi, akafungua mfuniko wa juu wenye namba moja, akauweka mezani kwa uangalifu mkubwa. Kilichobaki kilibebwa hadi nyuma ya ghala, kikawekwa juu ya maganda ya mbegu za pamba, kikamwagiwa mafuta ya taa. Nililia mbele za watu. Nililia kwa hasira na nililia kwa furaha, vyote pamoja, na mhazili wa Ununuzi akanipa kitambaa chake cha manjano nijifutie kamasi. Majivu yakaonekana. Saini zikatiwa. Mchunguzi akamshika mzee mkono, akampongeza kwa utunzaji mzuri wa mali ya umma.

Niliporudi chumbani, skrini zote nne zilionyesha printa namba moja. Kiini hakikuwa na habari ya moto. Idara ziliendelea kutuma kazi zao na kiini kiliendelea kuzipokea na kuzipanga foleni kwa heshima ile ile. Wakuu walipita, wakaona mfuniko umefunikwa vizuri, wakaridhika. Mishahara ya mwezi ule niliiandika kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kisha ikafika siku ya mzee kustaafu. Alikabidhi funguo. Mtunza stoo mpya alihakiki kila namba, akainua kitambaa, akaiona namba moja, akaendelea na mafagio. Ilibaki karatasi ya mafao tu. Utumishi walimwambia imeshatumwa kwenye printa, aende akaisubiri kule.

Akaja akakaa kwenye kiti, amevaa koti lake, mfuko wake miguuni, akautazama ule mfuniko. Nikamwambia, "Baba, unajua." Akasema anajua. Lakini mkuu wa Utumishi alikataa karatasi ya mkono. Mafao ni lazima yatoke kwenye printa, ndiyo kanuni. Mkuu mwenyewe alikuwa ameketi ofisini kwake mkabala na sisi, mlango wazi, akitusubiri. Basi la Mhunze lilikuwa linaondoka mchana. Mzee hakulalamika. Alikaa tu, mikono magotini, akiingoja mashine aliyoiona kwa macho yake ikigeuka majivu.

Nikaenda kwa mhazili wa Ununuzi, nikaomba kiti chake na taipureta yake. Nikaipiga ile karatasi, jina lake, miaka yake yote ya kazi, bila kosa hata moja. Nikarudi nayo chumbani. Nikavua kitambaa, nikaipenyeza karatasi upande wa nyuma wa mfuniko, nikaisukuma polepole, mstari kwa mstari, kama inavyotoka. Mzee akainuka, akaipokea upande wa mbele kwa mikono miwili. Mkuu wa Utumishi, aliyekuwa akitazama yote kutoka mezani kwake, alisema imetoka vizuri, akatia saini.