Wifi Aliyesafisha Bwawa la Mama Ukoga

Jua limeshachomoza, na Mama Ukoga amechuchumaa kando ya bwawa lake nyuma ya nyumba. Maji ni maangavu hadi mikunjo ya nailoni iliyotandikwa chini inaonekana. Mwingine angeyasifu. Yeye anasonya.

"Safi kama sahani ya wageni," ananiambia. "Nani alimtuma wifi yangu?"

Hadi juzi bwawa lilifunikwa na azola, mmea mdogo wa kijani unaoelea na kuzaana haraka. Ndio uliompa jina hilo mtaani, maana majirani huuona ukoga tu. Huuvuna, huuanika kivulini, kisha huuchanganya na mahindi na pumba kwa ajili ya kuku wake wa nyama. Una protini, hivyo humpunguzia soya na dagaa, ambavyo bei yake amechoka hata kuiuliza.

Kundi la kwanza lilimtoa jasho. Aliwapa azola mbichi, kuku wakashiba maji.

"Matumbo ndii, mizani haisogei! Mume wangu alicheka wiki nzima."

Safari hii mambo yalinyooka. Kuku mia mbili wako wiki ya nne, na mwenye mkahawa ameahidi kuwachukua wote wakifika kilo mbili. Wasipofika, hawachukui.

Ndipo dada wa mumewe alipokuja kusalimia. Mama Ukoga alikuwa amefuata pumba sokoni. Aliporudi alimkuta wifi kakunja gauni, fagio mkononi, bwawa limesuguliwa kwa sabuni na kujazwa maji mapya, na azola yote imemwagwa mtaroni.

"Wifi, nimekuonea huruma. Watu wanakusema kwa uchafu huu."

"Na kuku wangu wale nini?"

"Si kuna pumba?"

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Huyu alitenda, akakaa kusubiri chai.

Mama Ukoga hakumpa chai. Aliingia ndani akalia kwa hasira, kisha akatoka kukagua beseni lililotumika kuchotea. Chini palibaki azola ya kujaa kiganja.

Leo beseni hilo liko kivulini, lina maji mapya na samadi kidogo, na tayari uso wake umeanza kuwa kijani. Tukiwa bado tunalitazama, wifi anaingia na mfuko wa soya kichwani, kaununua kwa hela yake.

"Usiniangalie hivyo," anasema akiutua. "Wape kuku, wale."

Mama Ukoga anaupima kwa macho. Kwa kubanabana, utawafikisha wiki ya sita, na kilo zao mbili.

Kundi lijalo anataka mabwawa mawili, moja la kuvuna na moja la akiba.

"Na yote nayazungushia wavu."

"Kwa sababu ya bata?" anauliza wifi.

"Bata ukimfukuza anasikia."