Blauzi ya Mfinyanzi wa Masaki

Ulikuwa mwaka wa arobaini na nane. La, nimekosea, ulikuwa hamsini, maana cherehani ya miguu nilikuwa nimeshaipata. Kila gulio la Kisarawe alikuja mama mmoja mfinyanzi kutoka kijiji cha Masaki. Hakumpa mtu chungu kabla ya kukigonga kwa kifundo cha kidole, sikio ameliinamisha, kisha hucheka: "Kizima hiki, kapikie." Mwaka ule alirudi kutoka hospitali ya Dar es Salaam, akawa anagonga bila kucheka. Juani alijifunika kanga mbili, na mkono mmoja haukubanduka kifuani. Siku moja alinijia barazani, akaninong'oneza, "Kaka fundi, nishonee blauzi. Upande huu wa kushoto unitilie usufi." Nami, mpumbavu, nikapaza sauti, "Usufi wa nini, dada? Blauzi hiyo au mto?" Wanaume pale barazani wakaangua kicheko. "Mshonee na foronya!" akasema mmoja. Mama akatazama chini. "Walinikata titi, kaka," akasema polepole, akaondoka.

Niliishona ile blauzi, usufi nikiupima kwa kiganja, uso siwezi kuuinua. Magulio mawili hakutokea. Nikaenda Masaki kwa miguu, nimeikunja ndani ya kanzu. Mlango wake ulikuwa umerudishwa. Ndani nikasikia kifundo kikigonga chungu. Nilipopiga hodi, kikanyamaza. Nikasema, "Ni mimi fundi, dada. Nilikukosea." Kisha nikauliza, na mpaka leo sijajibiwa: "Niiweke wapi, dada, watu wasiione?"