Mkono Uliochorwa Endarasha

Juzi, kwenye duka la dawa za mifugo huko Endarasha, nilimkuta mwanadada anayesomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo. Anabuni kinga ya mashine ya kukata nyasi za ng'ombe, ile inayokula vidole vya watu. Alikuwa akichora viganja vya wakulima kwenye karatasi.

Mzee mmoja akaweka mkono wenye vidole vitatu, kisha akauondoa.

"Tafuta mkono mzima, msichana wangu. Hii yangu iliharibika."

"Hapana, guka," mwanadada akasema, akimwita babu kwa Kikuyu. "Wewe ndio unajua mahali mashine inashika."

Mzee akavua kofia, akaulaza mkono tena, polepole.

Nimehudhuria mahafali mengi, ambako watu huvaa kofia wakishahitimu. Mwalimu huyu alivua yake ndipo akaanza kufundisha.